Bima ya gari lenye makazi ndani: soma thamani kabla ya bei

Unapokatia bima gari la kulala safarini, tafuta kwanza kifungu kinachoeleza fidia itakavyokokotolewa gari likiteketea. Thamani ya soko hukatwa uchakavu, na magari haya hushuka bei haraka. Thamani ya makubaliano huandikwa tangu mwanzo, kwa hiyo ubishi hupungua. Ada yake ni kubwa kidogo, lakini kwa gari ambalo bado lina mkopo inafaa.

Kisha hesabu vilivyomo. Bima ya gari kwa kawaida hulipia vilivyofungwa kiwandani; nguo, vyombo na kompyuta huhitaji kipengele cha mali binafsi. Paneli za sola, betri za ziada na turubai la pembeni ulizoongeza mwenyewe zitaje kwa maandishi, pamoja na risiti na picha.

Maji ndiyo huwaliza wengi. Mti ukitoboa paa, bima kubwa, yaani ile inayolipia pia uharibifu wa gari lako mwenyewe, hulipa. Maji yakipenya polepole kwenye viungo vilivyopasuka, hayo huitwa matunzo duni na dai hukataliwa. Kagua viungo vya paa kila baada ya miezi 6 na utunze picha zenye tarehe.

Kama ni tela, bima ya gari linalolivuta mara nyingi hugusa madhara kwa wengine tu, si tela lenyewe.

Unaishi humo mwaka mzima? Iambie kampuni ya bima. Mikataba mingi ya bima ya magari ya matembezi haikubali makazi ya kudumu.