Somo: Pedali ya breki imeshuka kwenye Morris Minor

Pedali ikianza kuzama, wengi wetu hapa Mombasa hukimbilia kununua masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Ngoja kwanza. Ukiikanyaga kwa mpango, pedali yenyewe itakuonyesha tatizo liko wapi. Morris Minor ina breki za dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yanapita njia moja tu: paipu ikipasuka, gari zima limekosa breki. Basi jaribu gari likiwa tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Usingoje kujaribia kwenye mteremko wa feri Likoni.

1. Mafuta. Masta silinda iko chini ya sakafu, upande wa dereva. Inua zulia, pangusa vumbi lote ndipo ufungue kizibo. Yakiwa yamepungua, chungulia nyuma ya kila gurudumu na kwenye hosi.

2. Mguu. Kanyaga mara moja, achia, kanyaga tena upesi. Ikipanda na kuwa ngumu, viatu vya breki (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani) viko mbali na dramu. Ikipanda lakini inabonyea-bonyea, kuna hewa. Ukiishikilia nayo ikazidi kuzama polepole, mafuta yanavuja. Na kama nje kote ni kukavu, mipira ya masta silinda, ile inayozuia mafuta yasipite, imechoka.

3. Adjasta, yaani skrubu za kusogeza viatu karibu na dramu. Hapa ndipo pedali nyingi hupona. Magurudumu ya mbele yana adjasta mbili kila moja, na mafundi wengi hukaza moja wakasahau ya pili. Piga jeki, weka stendi, zungusha dramu mpaka tundu lifike kwenye adjasta, ingiza bisibisi bapa. Kaza mpaka gurudumu ligome. Kanyaga pedali ili viatu vikae sawa, kaza tena, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke. Ukisikia msuguo mwembamba, usijali. Nyuma kuna moja moja. Achia breki ya mkono kwanza.

4. Kutoa hewa. Anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta silinda kuukuu huwa na kutu pale ambapo mipira haifiki siku zote. Ukiisukuma mpaka mwisho, kutu hiyo inaichana. Kutu yenyewe huletwa na unyevu, ambao mafuta ya breki huunyonya, na hewa yetu ya pwani unaijua. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155.

Maswali ya wanachama

*Kisauni:* Nikivuta breki ya mkono, pedali inapanda. Kwa nini?
Breki ya mkono inasogeza viatu vya nyuma karibu na dramu. Kaza adjasta za nyuma. Waya usiuguse kabla ya hapo.

*Likoni:* Shikamoo fundi. Nimeongezewa oili ya pawa stiringi kwenye breki. Nikiimwaga niendelee?
Marahaba mwanangu. Hapana, na gari usiliendeshe. Oili hiyo huvimbisha mipira ya breki. Safisha paipu zote, badilisha mipira yote pamoja na hosi. Najua ni gharama, lakini hakuna njia ya mkato.

*Changamwe:* Nimeweka viatu vipya, pedali imeshuka kuliko zamani!
Adjasta zililegezwa ili viatu viingie. Rudia hatua ya 3. Viatu vipya pia huwa havijashikana vizuri na dramu, kwa hiyo endesha taratibu siku za mwanzo, kisha ukaze tena.