Kupanga geini ya priampu kwa mwimbaji wa taarab

Waya wa priampu (kifaa kinachokuza mawimbi dhaifu ya maikrofoni) uchomeke kwenye tundu la laini (line) la kigeuzi cha dijitali, kifaa kinachogeuza sauti kuwa data, si la maikrofoni. Rekodi kwa biti 24. Mwimbaji aimbe ubeti anaoupandisha kabisa, si "moja, mbili" za kujaribia, nawe uongeze geini (kiasi cha kukuza sauti) taratibu: wastani uzunguke -18 dBFS (kipimo cha dijitali ambacho 0 ndiyo kikomo), vilele visivuke -8. Sauti iliyokatwa kichwa kwenye kigeuzi hairudi, kwa hiyo usione choyo nafasi ya juu.

Geini ikiwa ndogo na mita tayari ni nyekundu, huenda kigeuzi kimewekwa -10 dBV, kiwango cha vifaa vya nyumbani. Kihamishie +4 dBu, kiwango cha vifaa vya studio, ambacho ni cha juu zaidi.

Joto la Mombasa tunalijua, lakini feni izimwe mnaporekodi: ukipandisha geini, mvumo wake hupanda nayo.