Ukuta wa Matundu 96: Zoezi la Kujifunza Uundaji wa Vigezo kwa Grasshopper

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesomea usanifu majengo Dar es Salaam aliniletea kompyuta yake mpakato akiwa amekata tamaa. Alikuwa ametazama video nyingi na kunakili faili za watu wengine, na maumbo yaliyokuwa kwenye skrini yake yalipendeza kweli. Lakini nilipomwomba apunguze upana wa ukuta kwa nusu mita, hakujua aguse wapi. Tukafuta kila kitu tukaanza na zoezi moja tu, ambalo ndilo ninalolieleza hapa.

Katika uundaji wa vigezo, msanifu hachori umbo lenyewe. Anaeleza uhusiano kati ya vipimo, na umbo hujichora upya kila kipimo kinapobadilika. Ninatumia Grasshopper, programu ambayo ndani yake unaunganisha vijenzi (visanduku vidogo, kila kimoja na kazi yake) kwa waya, iliyoanza kutolewa mwaka 2007 na David Rutten wa kampuni ya Robert McNeel & Associates, na ambayo tangu toleo la 6 imo ndani ya Rhino, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu. Rhino ni ya kulipia, lakini toleo lake la majaribio hudumu siku 90, muda unaotosha kabisa kwa zoezi hili na mengine kadhaa. Jinsi ya kusakinisha programu sitaieleza.

Hatua ya 1: Andika swali kwenye karatasi

Kabla ya kuwasha kompyuta, andika swali ambalo umbo lako litalijibu. Letu lilikuwa hili: sebule ina ukuta wa upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 2.4 unaotazama barabara, na tunataka ukuta huo uwe na matundu ya kupitisha hewa, lakini mtu aliyekaa kitini asionekane na wapita njia. Kwa hiyo matundu yaliyo karibu na kichwa chake yawe madogo, na yaendelee kukua kadiri yanavyokwenda mbali naye. Tukakubaliana kuwa nusu kipenyo cha tundu kisipungue milimita 30 wala kisizidi 120. Matundu yakipangwa kila baada ya milimita 300, hata yale makubwa kabisa yatabakiwa na zege la milimita 60 kati yake.

Ninasisitiza karatasi kwa sababu nimeona wengi wakianza kwa kuburuta slaida (kitelezi cha kubadilisha namba) huku wakisubiri kitu kizuri kitokee. Hilo ni kucheza, na kucheza si vibaya, ila ukipata umbo usilolitarajia huwezi kujua kama ni ugunduzi au ni kosa.

Hatua ya 2: Pata nukta 96

Fungua faili jipya la milimita, kisha weka kijenzi cha Plane Surface juu ya XZ Plane ili uso usimame kama ukuta. Usiupe vipimo kamili vya ukuta. Kwenye upana andika katika paneli (kisanduku cha kuandikia na kusomea data) 150 To 3450, na kwenye urefu 150 To 2250, maana vitovu vya matundu ya pembeni havipaswi kukaa ukingoni mwa ukuta. Peleka uso huo kwenye Divide Surface, ukiweka 11 kwa upana na 7 kwa urefu. Ni 11, wala si 12, kwa sababu programu inahesabu nafasi kati ya nukta, kama vile uzio wenye nafasi 11 unavyohitaji nguzo 12. Utapata safu wima 12 zenye nukta 8 kila moja.

Hatua ya 3: Pima umbali

Tumia Construct Point kuweka nukta ya kichwa cha mtu aliyekaa. Sisi tuliiweka milimita 900 kutoka kushoto na 1200 kutoka sakafuni. Kijenzi cha Distance kitakupa umbali wa kila nukta ya ukutani hadi hapo.

Hatua ya 4: Geuza umbali kuwa ukubwa wa tundu

Hapa ndipo jioni yetu ya kwanza ilipoishia, na ndipo mimi mwenyewe nilipowahi kupoteza siku nzima miaka ya nyuma, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwa maelezo, kazi ni rahisi. Bounds inatafuta umbali mdogo kuliko wote na mkubwa kuliko wote. Remap Numbers inachukua kila umbali ndani ya mipaka hiyo na kuupa nafasi yake kati ya 30 na 120. Namba zinazotoka zinakuwa nusu kipenyo cha duara. Tuliunganisha waya hivyo hivyo. Hakuna kijenzi kilichogeuka chekundu wala cha rangi ya chungwa, na matundu yakatokea yakiwa na mpangilio mzuri wa mikanda ya mlalo.

«Mwalimu, mbona umetoka kama mkeka?» kijana akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kufurahi. Nilimrudisha kwenye karatasi. Tulikuwa tumeandika kwamba matundu yatakua kuizunguka nukta moja, kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe, wala hatukuandika neno lolote kuhusu mikanda. Kosa lilikuwa limependeza kiasi kwamba, bila ile karatasi, tungelichapisha.

Chanzo chake ni namna Grasshopper inavyotunza data. Nukta zinazotoka kwenye Divide Surface hazikai katika orodha moja ya 96. Zinakaa katika mti wenye matawi 12, kila tawi likiwa safu wima moja. Kijenzi kinachofuata hufanya kazi yake tawi kwa tawi. Kwa hiyo Bounds haikutoa mipaka ya ukuta mzima, bali ilitoa mipaka 12, kila safu na yake. Safu ya mwisho kulia ndiyo inayolionyesha jambo hili vizuri: nukta yake ya karibu iko milimita 2554 kutoka kichwani na ya mbali iko milimita 2758, yaani tofauti ni takriban milimita 200 tu. Kwa ukuta mzima, ambao umbali wake unaanzia 212, matundu ya safu hiyo yalipaswa kuwa makubwa karibu sawasawa, kuanzia 113 hadi 120. Lakini kwa kuwa safu ilipimwa peke yake, ilivutwa kuanzia 30 hadi 120 kama jirani zake zote, na mikanda ikazaliwa.

Dawa ni amri ya Flatten, inayoyakusanya matawi yote kuwa orodha moja, ila swali ni uiweke wapi. Iweke kwenye mlango wa kuingilia wa Bounds, na hapo tu: bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mlango huo, chagua Flatten, basi. Kijana aliiweka kwenye mlango wa kutokea wa Distance, kama ninavyoona wengi wakifanya, na kompyuta ikaanza kuhema. Sababu ni kwamba namba za nusu kipenyo zilikuwa sasa orodha moja ya 96, ilhali vitovu vilibaki katika matawi 12; kila tawi likaoanishwa na orodha nzima, na tukapata maduara 1152 badala ya 96, mengi yakiwa yamerundikana juu ya nukta ya mwisho ya kila safu. Orodha fupi inapokutana na ndefu, Grasshopper hurudia kitu cha mwisho cha ile fupi mpaka zilingane, na haitoi onyo lolote.

Kwa hiyo nina masharti mawili ambayo siyalegezi. La kwanza, usiweke Flatten kila mahali kwa kubahatisha, hata kama video inafanya hivyo. La pili, weka paneli baada ya kila kijenzi mpaka utakapozoea, na uhesabu: matawi mangapi, vitu vingapi. Waya wenyewe pia husema: mstari mmoja ni kitu kimoja, mistari miwili ni orodha, na mistari miwili iliyokatikakatika ni mti. Anayeona paneli zinachafua turubai anaweza kuzifuta mwishoni.

Jambo jingine dogo: ukizipeleka nukta moja kwa moja kwenye Circle, maduara yatalala chali kama sahani. Zipitishe kwanza kwenye XZ Plane nyingine.

Hatua ya 5: Fanya majaribio, moja moja

Sasa badilisha kigezo kimoja kwa wakati, na kabla ya kukigusa andika unachotarajia kuona. Tulianza kwa kuongeza mtu wa pili, kwa kubadilisha Distance na kuweka Closest Point, inayotoa umbali hadi nukta iliyo karibu zaidi. Kijana aliandika kwamba kutakuwa na mawimbi mawili yanayochanganyika. Kilichotokea ni mstari ulionyooka katikati yao, mahali ambapo umbali kwa wote wawili ni sawa, na matundu ya pande zote mbili yakielekea kuwa makubwa kwenye mstari huo. Alikosea utabiri, na dakika ishirini alizotumia kutafuta sababu zilimfaa kuliko video zote.

Jaribio nililolipenda zaidi ni la jua, na kwa hilo tulirudi kwenye mtu mmoja. Chukulia kuwa ukuta unatazama kaskazini barabara na una unene wa milimita 100. Mwishoni mwa Juni, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam huwa upande wa kaskazini, likiwa juu ya upeo wa macho kwa karibu digrii 60. Mwale unaovuka unene huo hushuka takriban milimita 173, kwa hiyo tundu lenye kipenyo kidogo kuliko hicho halipitishi jua la moja kwa moja wakati huo. Weka Larger Than yenye namba 86.5, yaani nusu ya 173, kisha Dispatch, na maduara yatagawanyika makundi mawili: yanayoingiza jua na yasiyoingiza. Hesabu hii ni ya saa sita tu. Asubuhi na jioni jua hushuka na kuja kwa ubavu, na mwenye kutaka saa zote atahitaji kuupeleka mwale wenyewe kama vekta, yaani mshale wenye mwelekeo wake. Lakini sasa slaida ya unene wa ukuta ina maana. Tulipoiongeza kutoka 100 hadi 150, mshuko ukawa karibu milimita 260, na hakuna tundu hata moja lililobaki katika kundi la kwanza, kwa kuwa kipenyo kikubwa kabisa ni 240.

Hatua ya 6: Kata karatasi

Chagua maduara, tumia Bake kuyahamishia Rhino, kisha chapisha kwa kipimo cha 1:10 kwenye karatasi ya A3. Ukuta utakuwa sentimita 36 kwa 24, na tundu dogo kabisa litakuwa na kipenyo cha milimita 6. Bandika kwenye kadi ngumu na ukate kwa kisu chenye wembe mpya. Kijana alipofika safu ya tatu alisimamisha kisu, akarudi kwenye kompyuta na kupandisha nusu kipenyo cha chini kutoka 30 hadi 40.