Maniplanti inataka kupanda, siyo kuning'inia

Sebule nyingi za hapa Dar utaikuta maniplanti juu ya kabati la tivii, imeachiwa ishuke hadi sakafuni: shina jembamba, vijani vidogo vidogo, na kati ya jani na jani shubiri nzima. Wenye nyumba huringia ule urefu. Mimi naona mmea unaohangaika kutafuta mti.

Asili yake ni Mo'orea, kisiwa kilicho jirani na Tahiti katika bahari ya Pasifiki. Huko hukwea miti ya msituni, na ikishapata pa kushika jani lake huweza kupita nusu mita, likachanika pembeni. Ni mmea huu huu tunaougawiana kwa chupa za maji, *Epipremnum aureum* kwa jina la wataalamu. Kinachoutofautisha ni kushika na kutoshika. (Habari ya kuleta pesa waulizeni wengine. Yangu imefika dari na kodi bado inanitoa jasho.)

Kwa hiyo anza na nguzo. Za dukani ni ghali, na nyingi ukizitazama vizuri zimezungushiwa nyuzi za nazi tu. Sisi watu wa pwani tuna makumbi. Muombe muuza nazi sokoni akuwekee ya nazi zilizokomaa, siyo maganda ya dafu. Yaloweke siku tatu nne na umwage maji kila yakigeuka kahawia, kwa sababu makumbi huja na chumvi. Kisha chukua bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu wa mita moja na kidogo, uzungushie makumbi, nyuzi zikitazama nje, ukaze kwa kamba ya usumba. Ya katani nayo inafaa, ila ikikaa na unyevu inaoza mapema.

Chungu kiwe cha udongo, inchi kumi hivi, chenye tundu chini. Cha plastiki ni chepesi. Mmea ukirefuka, upepo wa dirishani unakiangusha na nguzo yake. Simamisha nguzo kwanza hadi iguse chini, ibane kwa kokoto, ndipo uweke udongo. Mimi nachanganya udongo mweusi wa bustani sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja na chenga za mkaa sehemu moja. Ule mfinyanzi mzito wa kuchimba uwanjani uache huko huko. Unashika maji mpaka mizizi inakosa hewa.

Kipandikizi kikatwe chini kidogo ya kifundo, pale penye kinundu cha kahawia, maana mzizi na chipukizi hutokea hapo. Jani peke yake bila kifundo linaweza kukaa kijani kwenye glasi miezi na miezi, lakini halitoi mmea. Ukiotesha kwenye maji, badilisha maji mara mbili kwa wiki na usugue chupa ndani. Mbu wa dengi anapenda maji yaliyotulia ya nyumbani, na mayai yake hunata ukutani mwa chombo. Kisahani cha chini ya chungu nacho kimwage.

Mizizi ikifika urefu wa kidole, panda vipandikizi vitatu au vinne kuizunguka nguzo, vile vinundu vikiielekea. Funga shina kwa utepe wa kanga iliyochakaa, bila kukaza, na usifunge kikonyo cha jani, kwa sababu jani hujigeuza lenyewe kufuata mwanga.

Kwenye maji ndipo wengi wanapopotea. Wanamwagilia udongo, nguzo inabaki kavu, halafu wanashangaa mizizi ya hewani haishiki. Mimina taratibu kuanzia juu ya nguzo, maji yashuke na makumbi hadi chunguni. Udongo upime kwa kidole: kikiingia hadi pingili ya pili na kutoka kikavu, mwagilia, kikitoka na unyevu, ondoka. Desemba hadi Februari, joto la kaskazi likikolea, mmea unakunywa haraka, lakini Juni na Julai unaweza kukaa mara mbili ya hapo. Ratiba ya "kila Jumamosi" ndiyo inayoozesha mizizi. Na kama jengo lenu linatumia kisima chenye maji ya chumvi, ncha za majani zitaungua kahawia hata ukilea vipi. Tumia ya bomba, au kinga maji ya mvua wakati wa masika.

Mwanga: dirisha la mashariki, au lolote lenye pazia jepesi. Jua kali la alasiri linababua majani, na kwenye giza michirizi ya njano inafifia. Usiiweke panapopigwa moja kwa moja na upepo wa kiyoyozi.

Ukiona vidude vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata. Wapanguse kwa pamba yenye spiriti, rudia baada ya wiki, na chungu kitenge na vingine.

Utomvu wake unawasha. Ni jamaa moja na magimbi, na anayejua gimbi bichi linavyowasha kooni hahitaji maelezo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, au paka mtafuna majani, chungu kiwekwe wasipofika. Nawe nawa mikono ukimaliza kukata.

Ikifika kileleni, kata kipande cha juu chenye vifundo vitatu, kioteshe upya. Shina lililobaki litachipua pembeni. Mabaki usiyatupe korongoni wala chini ya mwembe wa jirani: kwa mvua zetu yataota, yataukwea mwembe, na kuyang'oa itakuwa kazi ya panga na ngazi.