Kiroboti cha mswaki, kinahangaika kama kiroboto

Haya jamani, nyie mnaoniuliza roboti tunaanzaje bila ya kununua vitu vya ghali, anzeni na hiki. Mie nakiita kiroboti, watoto wa mtaani washakipa jina lao, kiroboto, na ukikiona kinavohangaika juu ya sinia utasema hawajakosea. Hakina kompyuta wala programu, ni kichwa cha mswaki, mota na betri, basi.

Mota ndo kila kitu hapa. Nenda kwa mafundi simu sokoni Darajani, hapa Unguja, umuombe mmoja simu mbovu ya batani, ya zamani, ukiwa na bahati anakupa bure. Ndani utakuta kimota kidogo kuliko kokwa ya tende, mbele kina kichuma kama nusu mwezi, na kwa vile uzito wa kichuma umelalia upande mmoja basi kikizunguka kinavuta huku na huku, ndo simu inatetemeka. Za simu za tachi angalia sana, nyengine hazizunguki, zinataka umeme wa kwenda na kurudi, ukiziwekea betri zinafanya tik mara moja kimya, halafu unamlaumu fundi wa watu.

Betri ni ile bapa ya volti 3 iloandikwa CR2032, hata kompyuta mbovu ya mezani huwa nayo kwenye bodi. Na hapa sitanii, ikiwa nyumbani mna mtoto mdogo iwekeni mbali, akiimeza ikamkwama kooni inaunguza ndani kwa ndani, masaa mawili tu yanatosha kumdhuru vibaya. Ikitokea ni hospitali hapo hapo, msikae kusubiri.

Mswaki ukate shingoni kwa koleo, ubaki na kichwa. Nywele zikiwa zimesimama wima kitatetemeka pale pale, zinatakiwa zilale zote upande mmoja, basi zichovye kwenye maji ya moto kisha zigandamize na kitu kizito mpaka asubuhi. Ncha zikielekea nyuma, chenyewe kinakwenda mbele. Mswaki uliochakaa ukatawanyika kila upande haufai, kinazunguka tu kama kimelewa.

Sasa waya wa kuunga mota na betri. Mie nilichukua wa iafoni mbovu, vile vya kusikilizia masikioni, nikaunga, kimya, nikageuza betri, kimya, nusu saa nzima najua mota imekufa kumbe nyuzi za iafoni zina rangi juu yake inazuia umeme! Zipitishe kwenye moto wa kiberiti kidogo tu, zifute, ndo uunge.

Bandika tepu ya gundi pande mbili mgongoni kwa mswaki, mota mbele, kichuma kining'inie nje kisiguse kitu chochote, betri nyuma yake. Waya mmoja uende chini ya betri, wa pili ubandike juu kwa kipande cha tepu, hiyo ndo swichi yako, ukitaka kizime unabandua.

Kazi yenyewe inaanzia hapa maana mara ya kwanza hakiendi sawa, kitapinda kushoto, kitaanguka kifudifudi, usikasirike. Sogeza betri kidogo sana, jaribu, sogeza tena. Kikianguka sana kitolee waya mgumu kila ubavu kama miguu ya kaa. Na usikijaribu kwenye mkeka, kitakwama, tafuta kigae au kioo.

Kuna bwana mmoja Bristol, Uingereza, William Grey Walter, mwaka 1948 na 1949 alitengeneza roboti zinazofuata mwanga akaziita kobe, taratibu kama wale wetu wa kisiwa cha Changuu. Hiki chetu hakifuati kitu, kinakwenda kinakotaka.

Mkitaka kushindana laza rula mbili juu ya sinia zifanye njia nyembamba, kila mtu na yake, hapo vinanyooka vyenyewe maana havina pa kupindia.