Mgonjwa aliyepandikizwa uloto karudi nyumbani Tabora, fangasi tunazikwepaje

Jamani tuelewane kwanza, fangasi ninazosema sio zile za vidole vya miguu, hizi zinaingia na pumzi zinakaa kwenye mapafu na zinaua. Mtu wa kansa ya damu akishapandikizwa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, seli nyeupe za kinga zinashuka karibu na sifuri, na hata zikipanda kinga inabaki changa miezi mingi, hasa akiwa anameza dawa za kushusha kinga ili uloto wa mtu mwingine usimshambulie.

Mdogo wangu aliporudi toka India tulimwandalia chumba kizuri tu, kumbe nyuma ya ukuta ni stoo ya tumbaku na magunia ya mahindi. Daktari kuona picha kwenye simu akasema mtoeni leoleo. Vumbi la majani makavu, pumba, mboji, banda la kuku, nyumba inayobomolewa, humo ndimo inaruka Aspergillus, ndiyo hiyo fangasi ya mapafu. Kwa hiyo usifagie akiwemo, piga deki, na kiangazi akitoka avae barakoa ya N95, ya kitambaa haizuii. Matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga za zamani aache, na asali mbichi, najua ndio fahari yetu, isubiri mpaka daktari aruhusu.

Dawa za fangasi sasa. Flukonazoli inazuia fangasi za mdomoni na tumboni ila Aspergillus haiigusi, ndio maana wenye hatari kubwa wanapewa posakonazoli au vorikonazoli. Vidonge vya posakonazoli ameze na chakula, vorikonazoli saa moja kabla ya kula au saa moja baada. Zote zinapandisha takrolimasi, ile dawa ya kushusha kinga, kwenye damu, usianzishe wala kuacha bila daktari wake kujua, na akiandikiwa rifampisini ya TB semeni hapohapo maana inaishusha vorikonazoli mpaka haifanyi kazi. Mitishamba ya bibi pia, hapana kwa sasa.

Nunueni kipimajoto. Ikisoma 38.3 mara moja, au 38 ikakaa saa nzima, ni hospitali usiku huohuo, sio Panadol tulale tuone asubuhi. Malaria apimwe ndio, ila hata ikionekana isiwe sababu ya kubaki nyumbani. Anayemeza steroidi homa inaweza kujificha, hivyo angalia kikohozi kikavu, kifua kuchoma akivuta pumzi, damu kwenye makohozi, uso kuuma upande mmoja, weusi puani. Eksirei ya kifua mwanzoni inaweza kuonekana safi kabisa, ombeni CT scan, inaonyesha mapafu kwa undani zaidi.

Sie namba ya daktari na orodha ya dawa tumebandika mlangoni, hata jirani ndiye akimpeleka, jirani huyo anaibandua anaondoka nayo.