Kabla ya Kuliacha Bomba: Kujiandaa kwa Baleti ya Katikati ya Ukumbi

Darasa la baleti huanza wanafunzi wakiwa wameshika bomba la ukutani la kujishikilia, kisha huhamia katikati ya ukumbi. Wengi hudhani kinachobadilika ni mkono tu. Lakini mkono ule, hata ukiwa umegusa kidogo, ulikuwa ukisahihisha mizani yako muda wote bila wewe kujua.

Kwa hiyo anza kwa kuupima. Fanya tendu, yaani kunyoosha mguu ukiteleza sakafuni hadi ibaki ncha ya vidole, mbele, kando na nyuma, na zoezi likiendelea nyanyua vidole kutoka kwenye bomba. Kiwiliwili kikiyumba au nyonga ikichomoka upande, bado hujawa tayari, na hakuna aibu kubaki hapo kwa muda.

Mguu wa kusimamia ndio wa kuutazama kuliko yote, ingawa macho ya kila mtu hukimbilia ule unaocheza. Uzito ukae chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo na kwenye kisigino. Vidole vikijikunja kung'ang'ania sakafu, mizani imekwisha potea. Simama kwa mguu mmoja, ncha ya mguu wa pili ikigusa kando ya goti, uhesabu polepole hadi 8, kisha ubadilishe. Likitulia hilo, ndipo ujaribu kuinuka kwa vidole, kwanza kwa miguu yote miwili.

Miguu kuelekea nje ni kazi ya nyonga. Penye bomba unaweza kuilazimisha kwa kujishikilia. Katikati, magoti ndiyo yatakayolipa. Ukikunja magoti kwenye plie, kila goti lielekee vidole vyake. Pembe ndogo iliyo ya kweli ni bora mara nyingi kuliko nyuzi 180 za kulazimisha.

Jifunze pia pande za ukumbi, jambo ambalo wengi hulisahau. Mbinu ya Agrippina Vaganova, mwalimu wa baleti wa Urusi, huhesabu nukta 1 hadi 8, ya kwanza ikiwa upande wa watazamaji. Ile ya Enrico Cecchetti, mwalimu wa baleti wa Italia, huhesabu kwanza pembe 4, kisha kuta 4. Muulize mwalimu anatumia ipi. Ukielekea pembe ya mbele na kutanguliza mguu ulio karibu na watazamaji, miguu huonekana imepishana: hiyo ni kruwaze. Ukitanguliza wa mbali, mkao hufunguka: hiyo ni efase.

Mikono izoeze peke yake kabla ya kuiunganisha na miguu, macho yakiifuata, kwa sababu kichwa kikiinama kutazama sakafu huvuta mwili mzima. Kioo nacho kinaweza kugeuka bomba la pili. Mara kwa mara kipe mgongo.

Viatu viwe laini, vya ngozi au turubai. Vile vya kusimama kwenye ncha havihusiki kabisa katika hatua hii. Soksi huteleza. Usiruke juu ya zege wala vigae. Tafuta sakafu ya mbao inayonesa, na utue kwa vidole, kisha kisigino, kisha plie.

Siku ya kwanza katikati, pasha mwili moto kama kawaida, kisha rudia tendu zilezile ulizozizoea penye bomba. Piruete, yaani kuzunguka kwa mguu mmoja, ianze kwa robo ya mzunguko, macho yakishika nukta moja, halafu nusu. Mzunguko kamili usubiri hadi nusu itue bila kuyumba, kulia na kushoto.